Kurasa Tatu Nilizoziongeza Katika Kitabu cha Bi. Mize

Nimekwisha kukabidhi shazia, ile sindano kubwa ya kushonea, kisu cha ngozi na mfupa wa kukunjia karatasi. Mfupa ule ni wa ubavu wa ng'ombe aliyechinjwa Idi ambayo siikumbuki tena, na atakayeurithi asiuoshe kwa maji ya moto, utapinda. Mmeniomba niandike habari za miaka yangu ya kujalidi vitabu hapa Bagamoyo, ili vijana wanaoingia karakanani wajue tulikotoka. Nani alipandishwa cheo na lini, waulizeni wanaopenda mambo hayo. Mimi nitaandika juu ya gundi, mchwa, na kosa moja nililolifanya nikiwa kijana wa miaka kumi na tisa, ambalo liliwaangusha wanaume wengi wa mji huu. Nasema kuwaangusha, maana yake chini, matakoni.

Karakana ya kwanza ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Fundi Mwinshehe, nyuma ya soko. Siku niliyopelekwa kwake na baba yangu nilimkuta anakoroga gundi ya wanga wa muhogo kwenye sufuria, naye hakuinua uso.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Unajua kusoma?"

Nilijibu kwa majivuno kwamba najua herufi za Kiarabu na za Kizungu pia.

"Basi usisome," akasema. "Mjalidi hasomi. Mjalidi akisoma, kitabu cha siku mbili hukaa wiki, na gundi huganda sufuriani. Wewe tazama karatasi, uzi na ngozi. Yaliyoandikwa ni ya wenyewe."

Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyofundishwa, na ndiyo niliyoivunja kwanza.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kitabu kibovu kikiletwa, mimi nilikifumua, nikazipangusa karatasi na kuziba matundu. Kisha karatasi zilipelekwa uani, ambako Zaituni, binti wa Fundi, alizishona fungu kwa fungu kwa uzi wa katani uliopakwa nta. Mshono wake ulikuwa haulegei. Kikirudi mbele, Fundi alikitia jalada. Siku hizo kadibodi hatukununua. Kila karatasi chakavu ilitupwa kapuni, na Fundi aliziosha, akazinyoosha, akazigandisha moja juu ya moja kwa gundi mpaka zikawa ngumu, kisha akavika ngozi juu. Kwa hiyo majalada mengi mnayoyaona katika mji huu yana tumbo la barua za watu, hesabu za watoto wa shule na hati za kesi zilizokwisha. Likumbukeni kapu hilo, nitalirudia.

Tulijalidi misahafu ya vyuo vya Kurani, madaftari ya korti na vitabu vya nyimbo vya Wakristo wa misheni. Lakini vilivyorudi mara nyingi zaidi ni vitabu vya hekaya, vile vya majini, wana wa wafalme na mabinti waliofungiwa visiwani. Hapo nilijifunza jambo ambalo hakuna mwalimu angenifundisha: kitabu husema kimesomwa wapi. Kurasa za vita zilikuwa nyeupe kama zilivyotoka dukani. Kurasa za nasaha za mfalme kwa mwanawe zilikuwa bado zimeshikamana. Lakini ule ukurasa ambao mwana wa mfalme na binti wanaonana kwa mara ya kwanza, na kila mmoja anatambua kwamba huyu ndiye aliyeandikiwa tangu kabla ya kuzaliwa, ukurasa huo ulikuwa na mafuta ya nazi, hina, masizi ya kibatari, alama ya kikombe, na mara moja mchuzi wa samaki. Msidhani ni wanawake tu. Kitabu cha hekaya cha askari mmoja wa boma kilifumuka mahali hapohapo, na kati ya karatasi kulikuwa na tumbaku.

Nilikuwa nikiwacheka. Siwacheki tena. Watu wale walioana kwa sababu baba alikutana na baba msikitini, au shamba lilipakana na shamba. Si vibaya, wengi waliishi vizuri. Lakini kila mtu, hata aliyeolewa kwa ajili ya mipaka ya minazi, hupenda kusikia kwamba mahali fulani kulikuwa na mtu aliyetafutwa kwa jina lake, akavukiwa bahari saba, na wala hakukosewa nyumba.

Sasa nije kwenye kosa langu. Bi. Mize alikuwa mjane mwenye kitabu kimoja tu, lakini kitabu hicho kilikuwa maarufu kuliko kadhi. Kilikuwa hekaya ya Binti wa Kisiwa cha Moshi, imeandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, na Bi. Mize alikiazimisha nyumba hata nyumba, siku tatu kila nyumba. Siku moja alikileta karakanani analia. Mchwa walikuwa wameingia kwenye sanduku, na kurasa tatu za mwisho zilikuwa donge la udongo. Kwa dharau ya ujana nikalitupa donge lile kapuni, nikaanza kukifumua kitabu. Na nikasoma. Nilisoma nikiwa nimekipa mgongo chumba, na gundi ikaganda sufuriani kama nilivyoonywa.

Hadithi inafika mahali binti yuko kisiwani peke yake. Wachumba wanakuja kwa mamia, wote wanasema ndio wao. Jini mzee anamhurumia, anamwambia kuwa yupo mmoja tu aliyeandikiwa. Mstari wa chini kabisa wa ukurasa wa mwisho uliosalia ulisema: "Na dalili ya mtu wako ni hii."

Hapo mchwa walianza kula.

Sikuweza kuvumilia. Nilijua nyumba zote za Bagamoyo zingefika mahali pale na kubaki midomo wazi, na Bi. Mize angelaumiwa. Nikachukua karatasi tatu za zamani zilizo tupu, nikakoroga wino, nikaandika. Bahati mbaya, sikuwahi kufika Kisiwa cha Moshi. Nilijua masika na kubeba mizigo ya Fundi. Kwa hiyo jini wangu akasema: mtu wako atakuja siku ya mvua, hana kitu kichwani cha kumkinga, amebeba kitu kizito kisicho chake, atateleza mlangoni pako aanguke, na neno lake la kwanza litakuwa kuomba radhi. Kisha nikawaoza na kuwapa watoto saba. Nikaziweka karatasi pamoja na nyingine, zikaenda uani zikashonwa, Fundi akatia jalada jipya la ngozi nyekundu, na Bi. Mize akanipa sahani ya visheti.

Masika ilipoingia, kitabu kilikuwa kimekwisha kupita nyumba nyingi, na wasichana walikuwa wanachungulia madirishani. Mwanzo walioanguka walikuwa hamali wa kawaida, watu wenye magunia ya wenyewe, na walishangaa kuinuliwa na kupewa chai. Kisha vijana wakazijua habari. Mji ukaharibika. Watu waliokuwa na miavuli waliiacha nyumbani. Mwingine aliazima jiwe la kusagia la jirani, akazunguka nalo mitaa mitatu akingoja mvua. Karani mmoja alijitupa kwa nguvu mno akateguka mkono. Na yule askari wa tumbaku alianguka kishujaa, na gunia la mkaa wa watu begani, lakini akakosea mlango. Aliangukia kwa Bi. Mize mwenyewe, akaomba radhi kwa adabu, na Bi. Mize akamshika ukosi, akamwambia kitabu ni chake na dalili ni zake, haendi mahali. Ilibidi mkubwa wake aje kumkomboa.

Nilicheka mpaka siku nilipomkuta Fundi amekaa, na shinikizo la kubania vitabu liko tupu mbele yake.

"Rajabu," akaniambia, "mwanangu amekataa posa tatu. Nikimuuliza sababu, ananiambia dalili haijatimia. Watatu wote walianguka, yeye anasema wamejiangusha. Sasa tajiri mmoja wa Ubena amemleta mshenga. Ana wake wawili na kikohozi. Sipendi, lakini binti hawezi kukaa nyumbani kwa sababu ya kitabu. Shaabani ikiandama naye hajapata mtu, nitaitikia."

Kicheko kiliniisha. Zaituni alikuwa kama dada yangu. Tulikula sinia moja miaka mitatu. Na nilijua, kama alivyojua kila mwenye macho, kwamba moyo wake ulikuwa kwa Abdala, mshonaji kutoka Kerege, aliyeweka cherehani yake barazani mbele yetu. Zaituni alipeleka shela kupindwa mara nyingi kuliko shela alizokuwa nazo. Abdala naye alizipinda taratibu, akazirudisha mwenyewe zimekunjwa vizuri, akasema "Salamu kwa Fundi," akaondoka. Mwaka mzima hakuwa amesema jingine.

Nilimwendea.

"Kwa nini huposi, Abdala?"

"Nimesikia habari ya dalili," akasema bila kusimamisha cherehani. "Mimi siwezi kuanguka kwa makusudi, ndugu yangu. Ni uongo. Tena nguo za watu zitaloa."

Hilo ndilo lililokuwa tatizo kubwa. Abdala hakwenda mahali bila mwavuli. Masika alijikinga mvua, kiangazi alijikinga jua, na siku za mawingu tu aliufungua kwa tahadhari. Ulikuwa mwavuli mweusi mpana, alioushona viraka mwenyewe. Nilikuwa nimeandika dalili ambayo watu wote wa Bagamoyo wangeweza kuitimiza isipokuwa yeye.

Kukiri kwa Fundi niliogopa. Angenifukuza, na sikujua kazi nyingine. Nikaona heri nimsaidie jini wangu. Tulikuwa tumeagiza jiwe jipya la kukandamizia vitabu kwa mchonga mawe. Zilikuwa zimebaki siku nne Shaabani iandame. Asubuhi mvua ilipoanza, nilipaka sabuni kizingiti cha mlango wa Fundi, nikaipaka vizuri kama ninavyopaka gundi, kisha nikaenda kumwomba Abdala anisaidie kulileta jiwe. Nilijua atakubali, na nilipiga hesabu kwamba mtu hawezi kubeba jiwe na mwavuli kwa pamoja.

"Haya," akasema Abdala, akatazama jiwe, akatazama mbingu. "Wewe bwana ndiye mwenye kazi, beba jiwe. Mimi nitakushikia mwavuli, usilowe."

Nilibishana, lakini mtakuwa mmekwisha kujua Abdala ni mtu wa namna gani. Tulikwenda hivyo sokoni kote, mimi nimejipinda kwa uzito, yeye ananifuata taratibu na mwavuli juu yangu, nusu ya mwili wake inalowa. Njiani nilipanga hila nyingine, kwamba tukifika nimwambie anipokee jiwe. Kwa kufikiria hila hiyo niliisahau ile ya kwanza. Mguu wangu ulikanyaga kizingiti.

Nilianguka chali, na jiwe likaniangukia mguuni. Sikuomba radhi. Nilisema maneno ambayo Mama Zaituni hakupata kuyasikia ndani ya nyumba yake, na aliyonikumbusha kila Idi mpaka alipofariki.

Abdala aliutupa mwavuli. Niliuona ukiviringika na upepo kuelekea sokoni, na ndiyo mara pekee niliyouona uko mbali naye. Alilisukuma jiwe, akaniinua begani, mimi mzima na mguu unaovuja damu, mvua inamtiririka usoni. Akapiga hatua moja kuingia ndani. Sabuni ikamchukua. Tulianguka wote ukumbini, mbele ya miguu ya Zaituni, aliyekuwa ametoka mbio uani na shazia mkononi.

Abdala aliinua kichwa. "Niwie radhi, Bi Zaituni," akasema. "Nimelowesha sakafu."

Mama Zaituni alihesabu kwa vidole, nikamwona: mvua, kichwa kitupu, kitu kizito kisicho chake, mlango, radhi. Akapiga kigelegele kimoja, kirefu. Zaituni alijifunika uso kwa shela, ile iliyopindwa mara nne, na mabega yake yakatikisika. Mpaka leo sijui alikuwa analia au anacheka.

Fundi ndiye hakupiga kelele. Alichutama kizingitini, akapitisha kidole, akakinusa. Kisha akanitazama mimi. Nilikiri yote palepale, kwa sababu ya mguu na kwa sababu ya macho yake. Nilisema nimeandika mimi, kurasa tatu, jini wangu mwenyewe.

"Nilikukataza kusoma," akasema Fundi. "Kuandika sikukukataza, kwa kuwa haikunipitia akilini kwamba kuna mjinga wa kiasi hicho." Akamgeukia Abdala. "Na wewe ulijua habari ya sabuni?"

"Sabuni gani?" akauliza Abdala, bado amekaa chini.

Fundi alimtazama sana, kisha akacheka, na nadhani hapo ndipo alipompata mkwe. Tajiri wa Ubena alirudishiwa majibu ya heshima. Mimi nilihukumiwa kujalidi madaftari ya korti, na madaftari tu, kwa mwaka mzima, na kama hamjawahi kujalidi daftari la korti mshukuruni Mungu. Niliyafanya nimekaa, mguu juu ya kiti. Ndiyo sababu nachechemea, na sasa mnajua, mwache kusema niliumia vitani.

Miaka ilipita mingi kabla sijamuuliza Zaituni kama aliiamini ile dalili. Alikuwa ananimiminia chai kwake, watoto wanacheza na mabaki ya vitambaa.

"Kaka Rajabu," akasema, "zile kurasa nilizishona kwa mikono yangu. Wino ulinitia madoa vidoleni. Unadhani nilifikiri ni wino wa Kisiwa cha Moshi?"

Haki ya Mungu, miaka yote hiyo sikuwa nimelifikiria hilo.

"Mbona basi ukawakataa watu watatu?"

"Msichana akisema sitaki, huulizwa kwa nini, na kila sababu atakayotoa wakubwa watamjibu. Nikisema kitabu kimesema, wanakuna vichwa na kwenda zao." Akasukuma kikombe mbele yangu. "Lakini Abdala alipoanguka, nilitetemeka. Nilijua ni wewe umeandika, na nilitetemeka vilevile."

Nilifikiria maneno hayo kila kitabu cha hekaya kilipokuja mezani, na nilipomfundisha kijana kazi nilimwonyesha kwanza kurasa zilizochafuka. Fundi alikwisha kutangulia mbele ya haki, kazi zikahamia jengo jipya, mashine ya kukatia ikaja. Kapu nililihama nalo, likakaa pembeni kama zamani.

Mwezi wangu wa mwisho kazini, Saada, binti wa mwisho wa Zaituni, alikuja na kitabu cha Bi. Mize. Bi. Mize alikuwa amewaachia urithi. Ngozi nyekundu ilikuwa imepasuka. Saada alikaa kwenye kibao akaninong'oneza kwamba kuna kijana, karani wa shehena ya chumvi kule Mlingotini. Wazee walikuwa bado wanasitasita.

"Lakini mjomba, ameanguka mara mbili mlangoni kwetu," akasema, macho yanamng'aa. "Bila kujua! Hajakisoma hata kitabu. Siku zote anatembea kwenye mvua, mwavuli hana kabisa. Mama akiona kitabu kimekuwa kizuri tena, nitamsomea mahali pale."

Nikachana jalada la zamani ili nilitengeneze upya. Tumbo lake lilikuwa la karatasi chakavu zilizogandishwa kwa mkono wa Fundi, na ya katikati kabisa ilikuwa na mwandiko wa Kiarabu na kingo zilizoliwa. Niliutambua mwandiko. Fundi alikuwa amelitoa lile donge langu kapuni, akaliosha udongo, akakuta karatasi zimesalia, zimeliwa kingo tu, na kwa kuwa mjalidi hasomi, akazitia ndani ya jalada la kitabu chenyewe.

Mimi nilisoma. Ilikuwa mara yangu ya mwisho, na sheria nilikuwa nimeivunja siku nyingi.

Jini mzee alikuwa amesema hivi: "Mtu wako hatakuja na upepo wala radi. Atakuja kwa miguu, taratibu, na kivuli chake kitakuwa juu ya kichwa chake, masika na kiangazi."

Nilimwona Abdala na mwavuli wake wa viraka, akivuka barabara kurudisha shela, mwaka mzima, mbele ya macho yetu sote, na mimi nikimpakia sabuni mlangoni.

"Pameandikwa nini, mjomba?" akauliza Saada, akisogea.

Nilimtazama. Nikamkumbuka karani wake wa Mlingotini, anayetembea kwenye mvua kichwa wazi.

"Karatasi chakavu tu, mwanangu," nikasema, nikachovya brashi, nikaipaka gundi.